Prednisoloni kwa homa kali ya ini ya pombe: nunua vidonge 56, si 224

Prednisoloni ya miligramu 5 ni kidonge kidogo, kichungu, cha bei ya chini, na hukikosi kwenye famasi nyingi. Wengi wanakijua kwa pumu, mzio na maumivu ya viungo. Hapa tunakipima kwa kazi moja tu: kutibu homa kali ya ini inayoletwa na pombe, ule ugonjwa ambao macho na ngozi hugeuka manjano ndani ya wiki chache kwa mtu aliyekuwa akinywa sana kwa miezi au miaka. Kwa kazi hiyo dozi ni miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 kila asubuhi, na kozi kamili ni siku 28. Zidisha, utapata vidonge 224. Ushauri wetu kwa ndugu wa mgonjwa na kwa mfamasia ni kutoa kwanza vidonge 56, vya siku 7. Vipimo vya siku ya 7 ndivyo vinavyoamua kama vilivyobaki vinunuliwe.

Tunaipa alama 3 kati ya 5 ikitumika wodini, kwa mgonjwa aliyechaguliwa kwa vipimo na anayefuatiliwa. Ikinunuliwa dukani na mtu aliyeona macho ya mzee wake yamekuwa manjano, bila kipimo chochote, haipati hata alama moja, kwa sababu hapo inaweza kuua. Tofauti hiyo kubwa haitokani na ubora wa kidonge. Inatokana na kinachoendelea ndani ya kinga ya mwili ya mgonjwa.

Kinga inayoshambulia na kuchoka kwa wakati mmoja

Pombe huumiza seli za ini moja kwa moja, lakini ukali wa ugonjwa huu unatoka zaidi kwenye kinga ya mwili. Chanzo kiko tumboni. Pombe nyingi hulegeza ukuta wa utumbo na kubadilisha aina za bakteria wanaoishi humo. Vipande vya kuta za bakteria, viitwavyo endotoksini, hupenya na kuingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kutoka utumboni hadi kwenye ini. Huko vinapokelewa na seli za Kupffer, askari wa kinga wanaoishi ndani ya ini lenyewe. Kwa mtu mzima wa afya, seli hizi hudaka vipande vichache na kuvimaliza kimyakimya. Kwa mnywaji wa kila siku vinakuja kwa wingi, seli za Kupffer zinavihisi kupitia kipokezi kiitwacho TLR4, kisha zinamwaga kemikali za kuita msaada: TNF, interlukini-1, interlukini-6 na interlukini-8.

Interlukini-8 ndiyo inayowaita neutrofili, chembe nyeupe za damu za mstari wa mbele. Zinajaa kwenye ini, zinatoa vimeng'enya na kemikali kali za oksijeni, na seli za ini zinakufa. Seli zilizokufa nazo zinatoa ishara zinazoita neutrofili zaidi. Wakati huohuo asetaldehidi, kemikali inayotokana na pombe ikivunjwavunjwa, hujibandika kwenye protini za ini, na kinga inaanza kuziona protini hizo kama kitu kigeni. Pembeni kuna seli za nyota, ambazo kwa kawaida hutunza vitamini A. Zikishtuliwa na mchochota huu, zinaanza kutengeneza makovu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuacha pombe leo na bado manjano ikaendelea kupanda kwa wiki kadhaa. Pombe imeondoka mwilini, lakini mzunguko wa kinga unaendelea kujichochea.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili husahaulika hata na wahudumu wa afya. Neutrofili hizohizo, zikichukuliwa kwenye damu ya mgonjwa na kupimwa maabara, zinamwaga kemikali zao hata zikiwa zimetulia. Zikiletewa bakteria wa kweli, zinashindwa kumeza na kuua kama inavyotakiwa. Monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zimepoteza alama wanazotumia kuonyesha adui kwa seli nyingine. Kwa hiyo mgonjwa ana kinga inayoshambulia ini lake na hapohapo inashindwa kumlinda dhidi ya nimonia, maambukizi ya mkojo au ya maji ya tumboni. Mtu akielewa hili, maswali yote kuhusu prednisoloni yanakuwa rahisi.

Dawa hii huingia ndani ya seli, hushikamana na kipokezi chake, na kuzuia jeni zinazoagiza TNF na kemikali wenzake. Inapunguza moto upande wa kwanza. Upande wa pili inaudhoofisha zaidi. Swali kwa kila mgonjwa ni kama faida inazidi madhara, na jibu halionekani kwa macho.

Nani anastahili

Kwanza ugonjwa uwe wenyewe. Vigezo vinavyotumika kwenye tafiti ni manjano iliyoanza ndani ya wiki 8 zilizopita. Unywaji wa zaidi ya gramu 60 za pombe halisi kwa siku kwa mwanamume au 40 kwa mwanamke, kwa miezi 6 au zaidi. Na pengo lisilozidi siku 60 kati ya glasi ya mwisho na kuanza kwa manjano. Gramu 60 si nyingi kama zinavyosikika. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20, kwa hiyo chupa tatu kwa siku zinatosha. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina gramu 55 peke yake. Gongo na chang'aa hazina lebo, hivyo muulize mgonjwa anakunywa kiasi gani na mara ngapi, kisha kadiria kwenda juu.

Kwenye karatasi ya maabara, kimeng'enya cha ini kiitwacho AST kinazidi 50 na kinakizidi mwenzake, ALT, kwa mara moja na nusu au zaidi, lakini vyote viwili vinabaki chini ya 400. Bilirubini, ile rangi ya manjano inayojaa kwenye damu, inazidi 51 kwa vipimo vya mikromoli kwa lita, sawa na miligramu 3 kwa desilita. Ukiona ALT ya 1,200, acha kuwaza pombe peke yake. Hiyo inaelekeza kwenye virusi, sumu ya dawa za kienyeji au parasetamoli iliyozidi. Ultrasaundi ni lazima, kwa sababu mawe ya nyongo na uvimbe unaoziba mirija huleta manjano hiyohiyo, na huko prednisoloni haina kazi yoyote. Kwa wanaotoka kando ya Ziwa Victoria kumbuka pia kichocho cha tumbo. Kinaweza kuvimbisha bandama na kutapisha damu kwa mtu ambaye ini lake bado linafanya kazi vizuri, na akiwa mnywaji pia, picha inachanganyika.

Kisha ukali upimwe. Kipimo cha kale zaidi ni cha Maddrey, kilichotoka Marekani mwaka 1978 na kurekebishwa baadaye. Chukua muda wa damu ya mgonjwa kuganda kwa sekunde, toa muda wa kawaida wa maabara hiyohiyo, zidisha kwa 4.6, kisha jumlisha bilirubini kwa miligramu kwa desilita. Mfano: muda wa mgonjwa ni sekunde 22, wa kawaida ni 13, tofauti ni 9, mara 4.6 inakuwa 41.4. Bilirubini ni mikromoli 240. Igawe kwa 17.1, unapata 14. Jumla ni 55. Kuanzia 32 kwenda juu ugonjwa unahesabiwa kuwa mkali, na hapo ndipo prednisoloni inaanza kujadiliwa. Chini ya 32 haitakiwi, mgonjwa atabeba madhara bila faida.

Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kusahau kugawa kwa 17.1, jibu likatoka 281 badala ya 55. Kwa kosa hilohilo, mgonjwa mwingine ambaye hakustahili huonekana anastahili. La pili ni maabara kuandika INR, uwiano unaokokotolewa kutoka muda huohuo wa kuganda, peke yake bila sekunde. INR haiingii kwenye hesabu ya Maddrey. Omba sekunde, na uombe pia muda wa kawaida wa siku hiyo, kwa sababu unabadilika kulingana na kemikali wanayotumia. Mahali ambapo sekunde hazipatikani, tumia kipimo cha MELD, ambacho kinahitaji INR, bilirubini na kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Zaidi ya 20 ni mkali.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Hapa ndipo dawa hii inapopata au kupoteza sifa yake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tafuta maambukizi hata kama hakuna homa. Mgonjwa huyu anaweza kuwa na joto la 37 na nimonia kamili, au akawa na joto la 38 kwa sababu ya mchochota wa ini tu. Chembe nyeupe zikiwa juu hazikupi jibu, kwani ugonjwa wenyewe huzipandisha. Kinachohitajika ni picha ya kifua, mkojo, damu ya kuotesha bakteria, na kama tumbo lina maji, yachotwe kwa sindano siku hiyohiyo. Neutrofili 250 au zaidi kwa kila mikrolita ya maji hayo maana yake ni maambukizi ya tumboni. Yatibiwe kwanza kwa antibiotiki. Kuwa na maambukizi hakumfungii mgonjwa mlango wa prednisoloni moja kwa moja. Yakidhibitiwa, mjadala unafunguliwa upya.

Kipimo cha HBsAg, kinachotafuta virusi vya homa ya ini B, kifanyike bila kukosa. Homa ya ini B ni ya kawaida Afrika Mashariki, na steroidi, kundi la dawa ambalo prednisoloni imo, huwapa virusi nafasi ya kuzaliana upya kwa kasi. Akiwa nayo, aanze tenofovir miligramu 300 kwa siku pamoja na prednisoloni, na isikatishwe siku prednisoloni inapokwisha. Mgonjwa wa VVU anayetumia kidonge cha pamoja chenye tenofovir na lamivudini tayari amekingwa upande huo. Lakini angalia dawa nyingine alizonazo: ritonavir hupandisha kiwango cha prednisoloni kwenye damu, na rifampisini ya kifua kikuu hukishusha. Kifua kikuu kilicho hai kinazuia kuanza.

Minyoo ya strongyloides inastahili kutajwa peke yake kwa sababu husahaulika kuliko yote. Mtu anaweza kuishi nayo miaka bila dalili. Akipewa steroidi, mabuu yanazaliana ndani kwa ndani, yanatoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu, mapafu na ubongo. Kwa mtu aliyeishi maeneo ya joto na unyevunyevu, aliyetembea peku mashambani, ivamektini ya mikrogramu 200 kwa kila kilo ni kinga rahisi: mtu wa kilo 60 anameza miligramu 12, vidonge 4 vya miligramu 3. Albendazoli ya dozi moja inayotolewa kwenye kampeni haitoshi kwa mnyoo huyu.

Mwisho, figo na damu. Kreatinini ikipita mikromoli 221, au mgonjwa akiwa anatapika damu, au anaharisha choo cheusi kama lami, dawa isubiri.

Kidonge chenyewe na namna ya kukitumia

Soma jina kwenye boksi herufi kwa herufi. Prednisoni na prednisoloni zinafanana kwa maandishi na hutofautiana kwa kazi. Prednisoni lazima igeuzwe na ini kuwa prednisoloni ndipo ifanye kazi, na hapa ini ndilo lililolemewa. Kwa ugonjwa huu chagua prednisoloni. Deksamethasoni nayo si mbadala wa kubahatisha: ina nguvu mara kadhaa, hukaa mwilini muda mrefu, na tafiti za ugonjwa huu hazikujengwa juu yake. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupewa methilprednisoloni ya mshipani miligramu 32 kwa siku, ambayo ni sawa na prednisoloni 40.

Vidonge 8 vimezwe kwa pamoja asubuhi, baada ya chakula. Kuvigawa asubuhi na jioni kunamnyima mgonjwa usingizi, na mtu aliyeacha pombe siku tatu zilizopita tayari halali. Hili si jambo dogo. Kutolala, kutetemeka, kuongea ovyo na kuona vitu visivyokuwepo vinaweza kutoka sehemu tatu: mwili kudai pombe, ini kushindwa kusafisha amonia, taka yenye sumu kwa ubongo, au steroidi yenyewe. Ukimpa dozi asubuhi tu, unapunguza chanzo kimoja na kurahisisha kujua vingine. Kilichoanza siku 2 hadi 4 baada ya glasi ya mwisho, chenye jasho na mapigo ya kasi, mara nyingi ni mwili kudai pombe. Usingizi wa mchana, mikono inayopepea inaponyooshwa na harufu tamu ya pumzi ni ishara za amonia.

Sukari ya kidole ipimwe kila siku. Steroidi huipandisha, na ini bovu linaweza kuishusha usiku, hasa kwa asiyekula. Diklofenaki na wenzake wasitumike kabisa, wataharibu figo na kutoboa tumbo. Kwa maumivu, parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku. Gentamisini iepukwe kwa sababu ya figo.

Siku ya 7

Kipimo cha Lille, kilichotengenezwa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2007, kinachanganya vitu sita: umri, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini ya siku ya kwanza, bilirubini ya siku ya 7, figo, na muda wa damu kuganda. Vikokotoo vyake vipo bure kwenye intaneti. Jibu linatoka kati ya 0 na 1. Chini ya 0.45 dawa inafanya kazi, endelea hadi siku ya 28. Kuanzia 0.45 haifanyi kazi, simamisha. Katika utafiti uliozaa kipimo hiki, waliokuwa chini ya mpaka huo walikuwa hai kwa asilimia 85 baada ya miezi 6, na waliokuwa juu kwa asilimia 25.

Mrudie mgonjwa wetu wa mfano. Umri miaka 45, albumini gramu 25 kwa lita, figo nzima, bilirubini 240 siku ya kwanza. Ikishuka hadi 180 siku ya 7, Lille inatoka 0.18, na anaendelea. Ikipanda hadi 290, inatoka 0.57, na vidonge vinakoma siku hiyohiyo. Kuendelea kumpa wa pili ni kumfungulia bakteria na kuvu mlango kwa dawa isiyomsaidia. Hii ndiyo sababu ya vidonge 56. Familia iliyokwisha kununua boksi zima inaona uchungu kuziacha dawa kabatini, na mgonjwa anaendelea kumeza wiki tatu zaidi bila mtu kuangalia.

Palipo na maabara hafifu, angalau bilirubini mbili, ya siku ya kwanza na ya 7, kutoka mashine ileile, zinapatikana. Isiposhuka, usijipe moyo kwa sababu mgonjwa anasema anajisikia nafuu. Steroidi huleta hamu ya kula na uchangamfu hata pale ini linapozidi kuharibika.

Inatoa nini hasa

Jaribio kubwa kuliko yote liitwalo STOPAH lilifanyika Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Wagonjwa zaidi ya 1,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 17 ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na asilimia 14 ya waliopewa prednisoloni peke yake. Tofauti hiyo ilikaribia mpaka wa uhakika wa kitakwimu bila kuuvuka. Baada ya siku 90, na baada ya mwaka, hapakuwa na tofauti. Maambukizi makubwa yalitokea kwa asilimia 13 ya waliopata prednisoloni, dhidi ya 7 kwa wasioipata. Watafiti walewale waliona baadaye kwamba waliokuwa na DNA nyingi ya bakteria kwenye damu kabla ya kuanza ndio walioshikwa zaidi na maambukizi wakiwa kwenye dawa. Mwaka 2018 data za wagonjwa 2,111 kutoka majaribio 11 zilijumuishwa, na hapo faida ya siku 28 ikaonekana wazi: hatari ya kufa ilipungua kwa takriban theluthi. Faida ya miezi 6 haikuonekana.

Kwa maneno mengine, dawa hii inanunua mwezi mmoja. Kwa ini linaloweza kuota upya, mwezi ni mali kubwa, mradi utumike. Anayerudi kwenye pombe anaupoteza wote, na hiyo ni sababu mojawapo ya takwimu za mwaka kutoonyesha kitu. Alama tulizokata ni kwa ajili ya maambukizi na kwa ajili ya wale wasioitikia, ambao leo hakuna dawa ya kuwapa baada yake.

Washindani wake

Pentoksifilini ilipendwa miaka mingi kwa sababu inapunguza TNF bila kuzubaisha kinga. STOPAH iliishusha: haikuokoa mtu zaidi ya vidonge vitupu. Kuiandika leo ni kumtoza mgonjwa bure.

Dawa za kisasa zinazofunga TNF yenyewe zilitazamiwa kwa hamu. Infliksimabu ilisimamishwa katikati ya jaribio Ufaransa kwa sababu ya maambukizi na vifo. Etanersepti iliua wengi zaidi ndani ya miezi 6 kuliko vidonge vitupu. Sababu inaeleweka ukirudi kwenye zile pande mbili za kinga: TNF hiyohiyo inayoumiza ini inahitajika kuua bakteria na kuanzisha uotaji wa seli mpya za ini. Ukiifunga kabisa, unafunga na tiba.

Antibiotiki ya kinga pamoja na steroidi ilionekana wazo zuri. Ufaransa na Ubelgiji walijaribu amoksisilini yenye klavulaneti kwa wagonjwa 292, matokeo yakatoka mwaka 2023: maambukizi yalipungua, vifo havikupungua kwa kiwango cha uhakika. Kwa hiyo antibiotiki ni ya kutibu maambukizi yaliyopatikana. Asilundikiwe kila mgonjwa.

Asetilsisteini ya mshipani ndiyo mwenzi pekee tunayempendekeza pale inapopatikana, kwa kuwa hospitali nyingi huiweka kwa sumu ya parasetamoli. Katika jaribio la wagonjwa 174 lililochapishwa mwaka 2011, waliopata prednisoloni na asetilsisteini walikufa asilimia 8 ndani ya mwezi mmoja, dhidi ya 24 waliopata prednisoloni peke yake. Kufikia miezi 6 tofauti ilikuwa imefifia, na jaribio ni dogo, lakini madhara ni machache. Siku ya kwanza: miligramu 150 kwa kilo kwa dakika 30, kisha 50 kwa kilo kwa saa 4, kisha 100 kwa kilo kwa saa 16. Siku ya 2 hadi ya 5: 100 kwa kilo kila siku. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyouzwa kwa ajili ya makohozi havifikishi dozi hiyo.

Silimarini na chupa zote zilizoandikwa kuwa zinasafisha ini hazina nafasi hapa. Silimarini haina madhara makubwa, lakini haijaonyesha kuokoa mtu mwenye homa kali ya ini ya pombe, na kila siku anayokaa nyumbani akiinywa ni siku maambukizi yanapata muda. Mizizi na majani ya kuchemsha ni hatari zaidi, kwa sababu baadhi yenyewe huua seli za ini.

Chakula, na vinavyofuata

Hakuna kidonge hapa kinachofanya kazi tumboni patupu. Lengo ni kalori 35 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kalori 2,100 hadi 2,400, na protini gramu 72 hadi 90. Wagonjwa waliokula chini ya kalori 21.5 kwa kilo walikufa zaidi, hata wakiwa kwenye steroidi. Zile imani za kumnyima protini mwenye ini bovu ziachwe. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ongeza maharage, dagaa, maziwa, na uji wenye unga wa karanga kila saa tatu, kwani sahani kubwa haishuki kwa mtu mwenye tumbo la maji. Bakuli la mwisho liwe saa tatu au nne usiku ili mwili usile misuli yake mpaka asubuhi. Chumvi ipunguzwe kwa mwenye maji tumboni, lakini akikataa chakula kwa kukosa ladha, chakula kitangulie. Tiamini (vitamini B1) ichomwe kabla ya dripu ya glukosi. Ikicheleweshwa, glukosi inaweza kuharibu ubongo wa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo.

Siku ya 28 wengine husimamisha ghafla, wengine hupunguza taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Njia zote mbili zinakubalika. Anayepunguziwa apewe ratiba iliyoandikwa kwenye kadi, tarehe kwa tarehe, na namba ya vidonge kwa kila tarehe. Homa, kikohozi au tumbo kuuma katika kipindi hiki ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kinga inachukua muda kurudi baada ya kidonge cha mwisho.

Dawa ya kusaidia kuacha pombe ipangwe kabla hajatoka wodini. Disulfiram, inayojulikana kwa kumtapisha anayekunywa, isitolewe kwa ini hili, inaweza kuliumiza upya. Baklofeni ndiyo iliyojaribiwa kwa wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na ikawasaidia: miligramu 5 mara tatu kwa siku kwa siku 3, kisha 10 mara tatu. Isianzwe kwa mgonjwa ambaye bado anachanganyikiwa kwa amonia, kwa sababu usingizi wake utaficha kila kitu. Na chini kabisa ya kadi hiyohiyo iandikwe tarehe ya bilirubini inayofuata.